Waliokula Ukuta wa Wasichana

Ninyi mnaokuja kukaa kwenye meza yangu, someni haya kabla hamjaambiwa mengine. Nayaandika nimesimama. Binti yangu Sagal hata kutambaa bado, lakini hakubali nikae. Nikikaa tu analia kana kwamba nimemchoma sindano. Kwa hiyo karatasi iko juu ya friji, kalamu iko mkono wa kulia, mtoto yuko bega la kushoto. Mwandiko ukipanda na kushuka, sababu ndiyo hiyo.

Wanasema nimestaafu. Wameliandika neno hilo juu ya keki, kwa sukari ya kijani. Sina mvi hata moja. Mkataba wangu haukuendelezwa kwa sababu mama wa mtoto mchanga, walisema, hawezi kazi ya safari. Waliniuliza? Hawakuniuliza. Nilikwenda Masalani na kurudi nikiwa na tumbo lililokuwa linafika mahali kabla yangu, na hakuna aliyesema siwezi. Haya. Hayo ni ya bodi. Mimi nataka kuwaachia kazi.

Kazi yenyewe ni kuchangisha pesa za viwanja vya riadha vya chuo chetu hapa Garissa. Mtaikuta ofisi nyuma ya stoo ya michezo: meza, viti viwili, kabati lisilofunga na chupa ya chai. Chupa ya chai msiidharau. Imechangisha kuliko kompyuta.

Niliajiriwa nikiwa na kidato cha nne tu, kupiga chapa. Siku ya kwanza mkuu wa chuo, Bwana Kilonzo, aliniita ofisini. Ni mtu wa Machakos, mrefu, mpole, mwenye haraka ya kumaliza kila jambo kabla ya saa ya chakula.

"Wewe ni mtoto wa hapa," akaniambia. "Utatutafutia watu wako watuchangie."

"Watu wangu ni wengi, sir. Nianze na nani?"

"Wenye pesa."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa. Nilitoka nikaenda kuutazama huo uwanja. Ulikuwa mchanga na miba ya miti ya mathenge, mbuzi wanakatiza, na upande mmoja barabara yenye stage ya boda boda. Wasichana walikuwa wanafanya mazoezi na nguo zao ndefu wamezikusanya kwa mkono mmoja. Vijana wa stage walikuwa wamegeuza pikipiki zao zote kuelekea uwanjani, kama watu waliokata tiketi.

Aliyekuwa mbele ya wenzake kwa umbali wa kuaibisha alikuwa Ifrah. Msichana wa Griftu, kule Wajir, mwembamba, mdomo mkali. Alinijia anahema.

"Madam, wale wasee wanaturekodi."

"Wanarekodi nini?"

"Si ujionee. Miguu."

Video ilifika Griftu kabla ya Ijumaa. Wajomba wakapiga simu Garissa kwa bibi yake Ifrah, anayemlea hapa mjini. Sisi wote tunamwita Ayeeyo Dahabo, ayeeyo ni nyanya. Anauza maziwa ya ngamia sokoni na anaogopwa na madalali. Alikuja chuoni na kibuyu chake begani, akakataa kiti.

"Simkatazi kukimbia," alisema, nami nikimfasiria mkuu. "Mimi nimekimbia nyuma ya ngamia maisha yangu yote, na hakuna mwanamume aliyenishika. Namkataza kutazamwa. Jengeni ukuta, akimbie humo ndani mpaka alale. Msipojenga, namrudisha Griftu, na wasichana wenzake watafuata mmoja mmoja. Mtabaki na uwanja wenu na mbuzi."

Hakuwa anatishia bure. Wazazi wengine walikuwa wanamsubiri yeye aamue. Kwa hiyo tangu siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja: ukuta wa pande nne, mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya pikipiki.

Aliyenifundisha kazi ni dereva wa chuo, Gedi. Namwita adeer, baba mdogo, ingawa hatuna undugu wowote. Anatafuna miraa anapoendesha, na anakubali kushindwa na kila mtu isipokuwa barabara. Mwanzoni nilikuwa natembea na faili na picha ya ukuta niliyochorewa na fundi. Naingia dukani kwa mtu, namwonyesha picha, namwomba. Mtu anasifu picha. Naondoka na soda.

Gedi alinivumilia wiki nzima, halafu akasema, "Abayo, dada yangu, wewe iko na shida. Unaomba mtu akiwa peke yake."

"Nimwombe akiwa na nani?"

"Na shemeji zake. Mtu peke yake anakupa udhuru. Mtu mbele ya shemeji anakupa jibu."

Mengine aliyonifundisha ni haya. Anza na mvua: imenyesha wapi, malisho yako wapi. Kalamu isitoke kabla ya kikombe cha pili. Usimwambie mtu kwamba ukoo fulani haujatoa, atafurahi na kukaa kimya. Mwambie ukoo fulani umetoa, hatalala. Ule mchango wetu tunaouita qaraan, ambao mtu akiumwa au akipatwa na janga ukoo mzima unaingia mfukoni, hauendeshwi na huruma. Unaendeshwa na aibu. Ndio maana unafanya kazi.

Tulizunguka mkoa mzima na ile Land Cruiser isiyo na kioo cha nyuma. Masalani walitoa fahali. Rhamu, kando ya mto Daua, mkulima alitupa magunia ya vitunguu. Vilifika Garissa vimeota majani. Wajir nilipewa hotuba. Mkiahidiwa chochote kinachooza, kiuzeni huko huko. Hotuba mnaweza kuja nayo, haiharibiki.

Tulipopata pesa za kuanzia, Bwana Kilonzo akajenga jukwaa.

Nilidhani nimekosea kusikia. Nikaenda kumwuliza.

"Mgeni akiungua jua hafungui mfuko," akasema. "Kwanza tumpe kivuli, halafu atatupa ukuta."

"Jukwaa linatazama uwanja wa wasichana, sir."

"Ndiyo. Waone wanachochangia."

"Na ukuta ukija?"

"Upande huo tutauacha wazi kidogo. Kwa wageni."

"Wageni si ndio wanaume?"

"Wageni ni wageni," akasema, akatazama saa ya chakula.

Hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema kwa sababu mtakapofika mbele mtataka kumchukia. Alikuwa mtu asiyejua yuko wapi, na mshahara wake haukumlazimisha kujua.

Pesa zikaisha kwenye paa la jukwaa. Ayeeyo Dahabo aliposikia hakuja kupiga kelele. Alikuja na ngamia. Jike lenye maziwa, na ndama wake anamfuata nyuma miguu inajipinda. Alisimama mbele ya ofisi ya mkuu na kuniambia nifasiri neno kwa neno.

"Huyu ni wa kukamwa. Maziwa yake ni ya ukuta, mpaka ukuta uishe au maziwa yaishe. Ngamia ni wangu. Ndama ni wangu. Maziwa ni yenu."

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Mwenye mifugo humpa mwenye shida mnyama wa maziwa akamkame, watoto wake wanywe, na siku ikifika mnyama anarudi kwao. Nilimfasiria Bwana Kilonzo vyote, na Gedi akaongeza kwa Kiswahili chake, "Hii ngamia si ya chuo, sir. Maziwa ndio ya chuo." Mkuu alitabasamu, akamshukuru mama mzee kwa kutoa ngamia. Alidhani yale mengine ni maneno ya adabu, kama mtu anayekwambia nyumba yangu ni yako. Kwao mtu akileta ng'ombe kwenye harambee, ng'ombe anapigwa mnada papo hapo na watu wanapiga makofi.

Mlinzi wa lango alikuwa anamkama asubuhi na jioni, na maziwa yanauzwa kantini na sokoni. Yalikuwa maziwa mazito, watu walikuwa wanayapigia foleni. Kwa maziwa na yale niliyokusanya huku na huku, upande wa barabara ukasimama. Vijana wa stage walibaki wanatazama mawe. Upande wa pili ukasimama, halafu wa tatu. Wasichana wakaanza kukimbia kwenye kona ile iliyofichika, wanakwenda na kurudi kama kuku ndani ya kizimba, lakini wanakimbia. Ifrah akawa anaongelewa kwa mashindano ya vyuo ya nchi nzima. Ukabaki upande wa nne, ule wa jukwaa.

Hapo ndipo mimi na Gedi tulipokwenda Masalani kufuata ahadi, nikiwa na lile tumbo. Tuliporudi, kabla hatujafika langoni, nilisikia harufu ya wali wa bizari. Nikamwambia Gedi, kuna harusi. Gedi alikuwa anamtazama ndama. Ndama alikuwa peke yake anazunguka jukwaa, analia.

Walikuwa wamefungua jukwaa rasmi. Wageni wa bodi walikuja, chakula kilitakiwa, na kulikuwa na ngamia wa chuo pale amefungwa bure. Mchinjaji aliuliza mbona ana ndama; akaambiwa ni agizo la mkuu. Nilipoingia, mwenyekiti wa bodi, Haji Dubow, alikuwa ananawa mikono. Akaniambia, "Karibu, mama, kuna kilichobaki."

Nilikwenda nikasimama kwenye upande ule ulio wazi na nikatazama wanaume wameketi kivulini, wanachokoa meno, na mbele yao hakuna kitu cha kuwazuia kuona mpaka mwisho wa uwanja. Walikuwa wameula ukuta kwa wali.

Ayeeyo Dahabo alifika asubuhi yake. Alimwita ndama, ndama akaja. Akamwuliza mkuu swali moja, nami nikalifasiri.

"Anauliza, ukuta wake ulikuwa na chumvi ya kutosha?"

Bwana Kilonzo hapo ndipo alipoelewa. Nilimwona akielewa, kuanzia shingoni. "Mwambie nitanunua mwingine," akasema. Lakini Ayeeyo alikuwa amekwisha kuondoka na ndama, na Ifrah nyuma yake amebeba sanduku. Msichana wetu wa mbio alikwenda kumimina maziwa sokoni. Muhula ukiisha bila ukuta, Ayeeyo alisema, ni Griftu, na hilo halina mazungumzo.

Wazee waliitwa. Walikaa jukwaani, kwa sababu angalau lina kivuli. Jambo la mnyama wa watu kuliwa lina taratibu zake: anayekula halipi yeye, unalipa ukoo wake, ili wajifunze kumchunga mtu wao. Mzee aliyeongoza, mwenye ndevu nyekundu za hina, akamwuliza Bwana Kilonzo ukoo wake ni upi.

"Mimi sina ukoo huku, mzee. Nitalipa mwenyewe."

"Hakuna mtu anayelipa ngamia mwenyewe. Ulimla peke yako?"

"Hapana. Tulikula wote."

"Wote nani?"

"Chuo. Wafanyakazi, wageni."

Mzee akatazama wenzake, nao wakaitikia kwa kichwa. "Basi hao ndio ukoo wako. Chuo ni ukoo. Walipe."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mpishi, Wanjala, alisimama na aproni yake. "Wazee, mimi nilipika tu!"

"Ulionja?"

"Chumvi tu, mzee."

"Umo."

Mlinzi wa lango akasema yeye alishika kamba tu. Umo. Mhasibu akasema yeye siku hiyo alikuwa na tumbo la kuendesha, alikula kidogo sana. Umo. Mimi nikasimama, nikasema sikuonja hata mfupa, nilikuwa Masalani. Mzee akaniuliza kwa upole, "Binti, chungu chako kiko jiko gani?" Nikakaa. Nikakatwa mshahara kama wengine, mjamzito, kwa nyama nisiyoila. Nilikasirika mpaka mtoto akageuka tumboni. Haji Dubow naye alikubali mbele ya wazee wote kwamba bodi ni wazee wa ukoo huo, maana asingekubali angeonekana ni mgeni aliyekula na kukimbia. Likumbukeni hilo.

Tulikwenda soko la mifugo mimi, Gedi na mkuu. Gedi na dalali walifunika mikono yao kwa shali wakaanza kushikana vidole humo ndani, nyuso zimetulia kama watu wanaosubiri basi.

"Wanafanya nini?" Bwana Kilonzo akaninong'oneza.

"Wanaongea bei."

"Mbona sisikii?"

"Ndio maana, sir."

Ngamia alipelekwa kwa Ayeeyo, jike, na ndama wake. Akampapasa kiwele, akamfungua mdomo, akamzunguka. "Imekwisha," akasema. Ilikuwa imekwisha kweli. Kwetu likilipwa halirudiwi. Lakini hakumrudisha chuoni. "Maziwa ya huyu nitayauza mwenyewe. Niiteni ukuta ukisimama."

Nikaenda kujifungua. Niliporudi na Sagal, upande wa nne ulikuwa vilevile, mchanga mtupu. Ahadi za Masalani zilikuwa zimelipwa, na bodi ilikuwa imezitumia kununua viti vya jukwaani, vile vya kuegemea. Nilipiga meza. Hapo ndipo walipogundua kwamba mama wa mtoto mchanga hawezi kusafiri.

Waliniandalia kuagwa, jukwaani. Gedi ndiye aliyetumwa kuwaleta wageni na gari. Aliwaleta wazee wa ile kesi, pamoja na yule mwenye ndevu za hina. Kisha akashusha watu watatu ambao hakuna aliyewaagiza, wafanyabiashara wa mifugo, wanene, wenye bakora. Haji Dubow alipowaona alinyoosha kofia yake.

"Ni nani hao?" nikamwuliza Gedi.

"Kaka za mke wake Haji," akasema, akatema kijiti. "Walikuwa njiani tu."

Keki ikakatwa. Nikakabidhiwa saa ya ukutani imefungwa kwa karatasi ya maua. Nikaambiwa niseme machache. Sagal alikuwa analia, kwa hiyo nilisema nikitembea huku na huku mbele yao.

"Haji, hapa hapa wazee walisema chuo ni ukoo, nawe ukakubali. Nililipa ngamia nisiyemla, kwa sababu nilikuwa wa ukoo. Leo natoka. Kwetu binti akitoka nyumbani kwao haondoki na saa ya ukutani."

Watu wakacheka. Haji hakucheka.

"Unataka nini, binti?"

"Upande wa nne."

Haji alimtazama mkuu, mkuu akatazama viatu vyake. Halafu mmoja wa wale shemeji, bila kusimama, akapiga bakora yake chini.

"Ni huu uliobaki, huu wa mbele yetu? Saruji yake mimi."

Mngemwona Haji. Alikuwa na njia mbili tu, na zote mbili zilikuwa zimekaliwa na shemeji zake. "Saruji umetoa," akasema. "Mawe ni yangu. Yote."

Shemeji wa pili akachukua mafundi. Wa tatu akauliza kimebaki nini, amekasirika, kama mtu aliyekuta chakula kimekwisha. Lango likawa lake. Wanjala akasema atawapikia mafundi, na hataonja. Bwana Kilonzo akasimama, akasafisha koo, akasema kwa Kisomali kibovu alichokuwa amejifundisha kwamba anatoa mbuzi.

"Wa kukamwa au wa kuliwa?" yule mzee wa hina akauliza.

Mkuu alicheka mpaka akakaa. Mimi pia, na sikuwa nimepanga kucheka siku hiyo.

Kazi sikurudishiwa. Sikuiomba, na hasira bado ninayo. Siiachi kwenye hiyo meza, nakwenda nayo. Saa niliwaachia, itundikeni. Viti vya jukwaa viligeuzwa vikatazama upande mwingine, kwenye uwanja wa mpira wa wavulana, ambao ulikuwa pale nyuma siku zote.

Lango lilipowekwa, Gedi alimpigia Ayeeyo simu, na Ifrah akarudi na sanduku lake. Siku ya mchujo wa kwenda mashindano nilifika nimechelewa, na Sagal anapiga mateke. Stage ya boda boda ilikuwa imehamia kwenye duka la kona. Ayeeyo Dahabo alikuwa ndani tayari, nilimsikia akimtukana mtu kwa mapenzi. Ningeweza kuingia, mimi ni mwanamke, lango ni letu. Lakini nilipoegemea ukuta, upande ule wa nne, kwenye kivuli chake, mtoto akanyamaza, kichwa kikaangukia begani kwangu. Sikuthubutu kusogea. Polepole nikateleza mpaka chini, nikakaa.

Filimbi ikalia. Nikasikia miguu inakuja upande wangu, mingi, halafu jozi moja mbele, peke yake, inapita nyuma ya mgongo wangu na kwenda.

Msiniulize alikimbiaje. Sikuona kitu.